Barua kwa Baba kuhusu -nge- ya Wafaransa

Lyon, 9 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe, Mama na wadogo zangu. Mimi ni mzima, ila katika barua yangu ya Januari nilikuandikia jambo ambalo sasa sina budi kulisahihisha, na kwa kuwa kosa lenyewe ni la sarufi, naamini utalipokea kwa subira kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilikuambia kwamba uvumi wa ghala letu kufungwa umekwisha. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuta gazeti kwenye meza ya chai kazini, limeandikwa: «L'entrepôt fermerait ses portes en juin.» Kitenzi fermer, yaani kufunga, nilikifahamu, na umbo fermerait tulikuwa tumefundishwa wiki ileile katika darasa la jioni, tukaambiwa kuwa ni namna yao ya kueleza jambo lenye masharti. Nikasema moyoni, kumbe ni -nge- yetu. Basi nikasoma «ghala lingefunga milango yake mwezi Juni», nikalitafuta sharti lake nisilione, nikalipachika mwenyewe: lingefunga, kama si wateja wapya waliotajwa katika aya ya juu. Nikamshukuru Mungu, nikakuandikia.

Kulijenga umbo hili si kazi. Sitasema kulinyambua, maana najua utanikumbusha kwamba kunyambua ni piga, pigia, pigana. Wafaransa hukichukua kitenzi kizima kama kilivyo katika kamusi, wakakiongezea viishio vilevile vya wakati wao uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea: je fermerais, tu fermerais, il fermerait, nous fermerions, vous fermeriez, ils fermeraient. Vitenzi vya kawaida vinavyoishia kwa -ir hufuata njia hiyo hiyo, finir ikawa je finirais, na vile vya -re hudondosha e ya mwisho tu, vendre ikawa je vendrais. Jambo litakalokufurahisha ni kwamba viishio hivyo ni masalia ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya «kuwa na», kilichokuwa kikisimama peke yake baada ya kitenzi kikuu mpaka vikagandana.

Ugumu uko masikioni. Sisi tukisema ningefunga, mtendaji na sharti vimekwisha kujulikana kabla kitenzi hakijafika. Wao huviweka vyote mkiani, na mkia wenyewe hausikiki vizuri. Fermerais, fermerait na fermeraient zinatofautiana kwenye karatasi, lakini mdomoni ni sauti moja, kwa hiyo asiyetaja je, tu au ils hajasema kitu. Nimekaa miezi miwili nikiandika imla na kupoteza alama kwa herufi ambazo hakuna aliyezitamka.

Kosa langu la pili lilitoka kwako, Baba, uniwie radhi. Ulitufundisha kwamba kiambishi cha sharti lazima kilingane pande zote mbili: ningekuwa na pesa, ningefunga duka, ningalikuwa nazo, ningalilifunga, na aliyechanganya alisimama. Hapa aliyelinganisha ndiye anayesimama. Baada ya si, yaani «kama», umbo hili haliruhusiwi. Huwekwa ule wakati uliopita, na sharti hubaki upande wa pili peke yake: si j'avais de l'argent, je fermerais la boutique. Mimi niliandika si j'aurais, mwalimu akachora mstari mwekundu, akanifariji kwamba watoto wa Kifaransa nao hukosea hapo hapo.

Nilipompelekea ile sentensi ya gazeti, alisoma akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza matumizi ambayo hatukuwa tumeyafikia: mwandishi wa habari hutumia umbo hilo, bila sharti lolote, kwa habari aliyoisikia lakini haijathibitishwa. Kwetu -nge- haiwezi kubeba maana hiyo. Tungesema «inasemekana» au «inadaiwa». Kwa hiyo gazeti halikuwa limesema kwamba ghala lingefungwa ila limeponea. Lilisema kwamba inadaiwa litafungwa Juni, na mimi peke yangu, kati ya wafanyakazi wa zamu yetu, ndiye niliyetoka pale nikitabasamu.

Jumatatu tuliitwa kwenye mkutano. Tangazo lililobandikwa karibu na saa ya kuingilia sasa limeandikwa fermera. Hiyo ni litafungwa, wakati ujao wa kawaida. Herufi mbili za mwisho zimeondolewa, na shaka nayo imeondoka.

Usimwambie Mama kwa haraka. Tafuta wakati mzuri. Mshahara utaendelea hadi mwisho wa Juni, na karo ya mdogo wangu ya muhula huu nimekwisha kuitenga. Jana niliandika barua mbili za kuomba kazi, zote zikianza na J'aimerais travailler, «ningependa kufanya kazi», ambayo ndiyo adabu ya huku, kama ilivyo kwetu mtu asivyosema «nataka» mbele ya mkubwa. Kitenzi aimer nacho ni cha kawaida kabisa. Mwalimu amezisoma, na safari hii hakuchora mstari wowote.

Nisalimie wote, na majirani wa upande wa msikitini.

Ni mimi mwanao