Ile namba ya kwenye majibu

Chicoutimi, Kanada

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Watoto wanakuamkia, shikamoo shangazi.

Mwalimu, swali lako nimelipata: jeni ileile moja inawezaje kumpa babu mtoto wa jicho tu, halafu mjukuu azaliwe mlegevu hata kunyonya hawezi?

Umemuuliza anayeishi penyewe. Distrofia ya mayotonia aina ya 1, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli na kuifanya ichelewe kulegea, ambao huku wanauita ugonjwa wa Steinert, duniani humpata mtu mmoja hivi kati ya 8,000. Hapa Saguenay, eneo letu hili la Chicoutimi, ni mmoja kati ya mia kadhaa tu, maana wenyeji wengi ni uzao wa walowezi wachache wa Kifaransa. Kwetu Afrika ni nadra mno. Pale kliniki nimezoea kumtambua mgonjwa kwa kupeana mkono: anakushika vizuri, halafu vidole vinagoma kuachia. Anatabasamu, anasubiri, kinafunguka kimoja kimoja.

Kisa chenyewe kiko kwenye jeni ya DMPK, kromosomu ya 19. Pana herufi tatu za DNA, CTG, zinazojirudia; zikizidi, ugonjwa huwa mkali na huanza mapema zaidi. Wengi wetu tunazo kati ya mara 5 na 37. Zikifika 50 ni ugonjwa, na watoto wanaozaliwa nao mara nyingi wamevuka 1,000. Tena hazitulii. Mzazi mwenye 80 anaweza kupata mtoto mwenye mamia, na ule mruko mkubwa wa kichanga kuzaliwa mgonjwa karibu kila mara hupitia kwa mama.

Fleischer, daktari wa macho, aliona mapema, mwaka 1918, kwamba wazee wa koo hizi walikuwa na mtoto wa jicho tu. Lakini mwaka 1948 Lionel Penrose, bingwa wa urithi, akasema ugonjwa kuzidi kizazi hadi kizazi ni udanganyifu wa namna wagonjwa wanavyochaguliwa. Akaaminiwa hadi jeni ilipopatikana, 1992. Bingwa naye!

Sasa hili wanafunzi wako wasilikose: herufi hizo huongezeka hata ndani ya mtu yuleyule, umri unavyosogea. Protini za kukarabati DNA, MSH3 ikiwemo, ndizo zinazochangia, kama fundi anayeziba tundu akaacha kiraka kirefu kuliko tundu. Kwenye misuli huwa nyingi kuliko kwenye damu, nasi tunachopima ni damu. Kwa hiyo namba ya kwenye majibu ni ya damu, ya siku ile. Aliyepimwa na miaka 20 na aliyepimwa na 50 huwezi kuwalinganisha hivihivi. Wapo pia ambao katikati ya CTG zao zimeingia CCG au CGG; hao mfuatano wao hutulia zaidi, na dalili zinaweza kuchelewa.

Ndiyo maana naudhika nikimwona mtu ameishika ile karatasi anapigia hesabu miaka iliyobaki. Namwambia aiweke, tuzungumzie moyo. Ugonjwa huu hukata njia za umeme wa moyo kimyakimya, kwa hiyo apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kila mwaka, hata akijisikia mzima. Na akienda kufanyiwa upasuaji, mtu wa nusukaputi aambiwe mapema, kwani dawa zake zinaweza kumzuia kupumua vizuri.

Mchoro wa kromosomu uliouomba nitautuma wiki ijayo. Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Zawadi