Heri ya Nauruzi kutoka Weimar

Ndugu na jamaa wa Unguja, Tanga, Mombasa na popote mlipo, heri ya Nauruzi, mwaka mpya wenye asili ya Uajemi! Wenzangu wa Makunduchi najua mtanicheka: Mwaka Kogwa wetu bado, tutakoga Julai. Ni kweli. Hesabu yetu ni ya siku 365 tupu, haina mwaka mrefu, ndiyo maana imehama kidogo kidogo hadi ikaachana na ya Wairani. Wao husubiri mchana na usiku ulingane, tarehe 20 au 21 Machi, na dakika yenyewe huivizia kwa saa.

Safari hii nimeivizia nao. Jirani yangu hapa Ujerumani, mama wa Shiraz, aliniita kwake. Mezani palikuwa na ngano iliyoota sahanini, imefungwa utepe mwekundu, na tufaha, kitunguu saumu, siki. Vitu saba ambavyo kwa Kiajemi majina yake yote huanza na S. Pembeni, Diwani ya Hafidh, mshairi wao wa kale. Akafumba macho, akaifungua popote, akanisomea fali yangu, kisha akanifasiria kwa Kijerumani cha kuungaunga. Nikampa karafuu nilizoletewa kutoka Pemba. "Mersi," akasema. Nikadhani ananitania kwa Kifaransa. Kumbe ndivyo wanavyoshukuru kwao kila siku!

Na maneno yao pia yametoka kwenda kwa wengine. Zamani Waajemi waliita bustani yenye ukuta pairidaeza. Wagiriki wakalichukua neno hilo, likasambaa Ulaya nzima kuwa jina la Pepo. Waarabu nao wakalichukua, ndiyo hiyo Firdausi tunayoiomba sisi. Ukisikiliza habari siku hizi utadhani Iran na Wazungu hawajawahi kupeana kitu ila vitisho.

Hafidh alifariki Shiraz karibu mwaka 1390. Miaka zaidi ya 400 baadaye Mwaustria mmoja, Hammer, akaitafsiri diwani yake kwa Kijerumani, na mwaka 1814 ikamfikia Goethe, mshairi mkubwa wa Kijerumani, mkazi wa mji huu, mzee anayekaribia miaka 65. Iran hakuikanyaga hadi anakufa. Lakini alimwita Hafidh pacha wake, akatunga diwani yake mwenyewe, ikachapwa 1819. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia: mtu na jina lake kubwa, uzeeni, akakubali kuwa mwanafunzi wa mgeni.

Tangu mwaka 2000 wamewekewa hapa viti viwili vya mawe, vikubwa, vimetazamana. Havina sanamu ya mtu. Kiangazi kilichopita nilikalia kimoja, miguu ikaning'inia kama mtoto. Kile cha pili kikapandwa na kijana mwenye aiskrimu, tukatazamana bila neno.

Nawatakia mwaka wa afya, na masika yenye mvua ya kiasi. Siku ya 13 ngano ile hutupwa kwenye maji yanayotiririka. Mama ameniomba nimsindikize mtoni Ilm, na njiani tupitie kwenye viti.