Mgeni aliyeitwa "kiloo"

Uyole, Mbeya
14 Juni 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako baridi ya Juni inatufanya tukae mbele ya kompyuta tukiwa tumejitanda mablanketi. Uliniuliza ile programu yangu ndogo ya kuhakiki data imefikia wapi. Inafanya kazi, ila imenitia adabu kwanza.

Kazi yake ni kupokea kumbukumbu za viazi ambavyo makarani wa kikundi cha wakulima wamevipima ghalani, kuzilinganisha na skima (yaani kanuni za jinsi kila kumbukumbu inavyotakiwa kuwa), na kuzirudisha zenye kasoro kabla hazijaingia kwenye hifadhidata. Skima niliiandika kwa JSON Schema, lugha ya kuandikia kanuni kama hizo, toleo la 2020-12: kilo ziwe namba inayozidi sifuri, jina la mkulima liwe maandishi, namba ya simu ianze na 06 au 07 na itimie tarakimu 10. Niliridhika nayo mno, hadi mzee mmoja alipokuja kulalamika kwamba viazi vyake havimo kwenye malipo. Nilipoifungua kumbukumbu yake nilikuta karani ameandika "kiloo" badala ya "kilo" kama jina la sehemu ya uzito, na programu imeipitisha bila kuguna.

Kosa lilikuwa langu. Kueleza kilo zinatakiwa ziweje hakuzifanyi kuwa za lazima; kama jina la sehemu halimo katika orodha ya "required" (zinazotakiwa), skima haijali likikosekana. Na kwa kuwa sikuweka "additionalProperties" (sehemu za ziada) kuwa "false", yaani zisiruhusiwe, hiyo "kiloo" ilikaribishwa kama mgeni mwingine yeyote. Tarehe nayo ikanicheza vivyo hivyo: katika toleo hili "format", neno linalotaja umbo la kitu kama tarehe, kwa kawaida ni maelezo tu, hailazimishi kitu mpaka uiamuru maktaba ya Python (lugha niliyoandikia programu) iikague, hivyo 2025-02-30, tarehe 30 Februari isiyokuwepo, ilipita salama salimini.

Lakini kilichonichukua siku nyingi zaidi ni ujumbe wa makosa. Programu ya majedwali huidondosha sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, ikidhani ni hesabu, nami nilikuwa nikimtupia karani sentensi ya Kiingereza yenye mabano na alama za dola, naye akinipigia simu kila mara. (Nisingemlaumu; hata mimi huisoma mara mbili.) Sasa anasoma: "Mstari wa 12: namba ya simu imepungua tarakimu moja. Angalia sifuri ya mwanzo." Anasahihisha mwenyewe, na simu yangu imenyamaza.

Yote haya yanaendeshwa na kompyuta mpakato kuukuu iliyoko ghalani, ambayo betri yake huhimili umeme unapokatika.

Nina ombi moja. Nitumie mafaili yako ya parachichi za Njombe, hasa yale yaliyokuharibikia. Mazuri sina haja nayo.

Wako wa siku zote,
Rafiki yako wa Uyole