Maandalizi ya mafunzo ya uchomeleaji

Habari zenu, ndugu. Mnaoomba nafasi za uchomeleaji za halmashauri, kabla ya kurudisha fomu linganisheni jina la kitambulisho na la cheti, herufi kwa herufi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Karakana mje na shati la pamba la mikono mirefu, suruali isiyokunjwa chini (cheche hutua humo) na buti za ngozi. Nailoni msivae kabisa: cheche ikidondoka, nailoni inayeyuka na kugandia mwilini.

Mtaanza na chuma bapa cha milimita 3 na elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za milimita 2.5, umeme wa ampea 70 hadi 90. Umeme ukiwa mdogo elektrodi inanata, ukizidi chuma kinatoboka. Kwangueni kutu na rangi kwanza. Elektrodi ziwe kavu, unyevu huacha vitundu ndani ya mshono. Ncha isiwe mbali na chuma kuzidi unene wa elektrodi, na mkono ushuke taratibu kadiri inavyoyeyuka. Hilo ndilo gumu kuliko yote, lifanyieni mazoezi hata kwa penseli nyumbani. Wakati wa kugonga ganda la mshono, miwani iwe machoni.

Atakayeumwa anijulishe mapema niongee na mwalimu.