Mzazi, usianzie CT kwa sababu tu ni bei ndogo

"Mwanangu kashapigwa CT, majibu safi. Leo mnataka tena hela ya MRI?" Baba mmoja kutoka Mbozi alitugombeza hivyo mapokezi mwaka jana, na malalamiko hayo hatuachi kuyasikia. Hatukumlaumu. CT hupiga picha za ndani ya kichwa kwa eksirei, MRI kwa sumaku kubwa, naye alikuwa amelipia kipimo ambacho hakikufaa ugonjwa wa mwanawe.

Mtoto alikuwa na miaka 7. Darasani alikuwa akiongoza, ghafla akaanza kushuka, ubaoni haoni vizuri, walimu wanamwita mkaidi. Ngozi nayo ilizidi kuwa nyeusi. Magonjwa ya kurithi ya sehemu nyeupe ya ubongo hula utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva. CT ni hodari kwa damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Utando ukianza tu kuharibika, mara nyingi haioni kitu. MRI yetu ilionyesha weupe nyuma ya ubongo, kulia na kushoto sawasawa. Weupe wa nyuma namna hiyo humfanya daktari afikirie adrenolyukodistrofia, mmojawapo wa magonjwa hayo ya kurithi. Ungekuwa mbele, angefikiria mwingine, ugonjwa wa Alexander. Damu ikapimwe asidi za mafuta ndipo ithibitike, na mdogo wake wa kiume naye apimwe, maana upandikizaji wa uboho husaidia ugonjwa ukiwa bado mchanga.

Wanaotuomba tupige "picha mbili tatu tu" ili bei ishuke, tunawakatalia. Mtoto akitikisa kichwa picha inaharibika, kwa hiyo wadogo tunawalaza kwa dawa, na mtaalamu wa usingizi hambanduki mpaka waamke. Hiyo ndiyo bei mnayoiona.

Mama mmoja alitoka Tukuyu alfajiri, akaapa mtoto hajala tangu jana. Nesi akamvua sweta, maana zipu ni ya chuma, akakuta uji wa ulezi haujakauka kwenye kola. Tuliwarudisha kesho yake. Mama alilia kwa nauli na hela ya gesti, nami iliniuma, lakini mtoto akitapika usingizini uji huingia mapafuni. Kabla ya dawa ya usingizi ni masaa 6 bila chakula, 4 bila maziwa ya mama. Usimwonee huruma kwa kijiko kimoja.

Kwa walio chini ya miaka 2, utando bado unajijenga, hivyo daktari anaweza kuomba picha irudiwe baada ya miezi 6 au zaidi. Njoo na filamu zote za zamani, hata za CT. Kuzilinganisha hatutozi.