Barua kwa rafiki: usimwongezee joto

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na furaha yako nimeiona katika kila mstari. Kumbe sasa una jozi kamili, dume na jike, nyoka mfalme wa milima ya Arizona, Lampropeltis pyromelana mwenyewe! Nimefarijika zaidi kusikia kwamba wote wawili walizaliwa kizimbani. Huko kwao wapo watu wanaopasua miamba kwa mtaimbo ili wawatoe nyufani, na ufa ukishavunjwa hauzibiki. Mijusi na nyoka wa pale hubaki bila makao.

Unasema dume amegoma kula tangu baridi iingie, nawe unafikiria kumwongezea joto. Nakusihi, usimwongezee. Huyu ni mnyama wa misonobari na makorongo ya mawe, mahali ambapo theluji huanguka. Mwili wake unajua majira yamegeuka. Asipopata baridi, mbegu zake huenda zikawa dhaifu, na jike naye mara nyingi hatagi, au hutaga mayai yasiyo na uhai.

Acha kuwalisha wote wawili. Wakae wiki mbili katika joto lao la kawaida mpaka matumbo yawe matupu kabisa, ndipo ushushe joto kidogo kidogo hadi nyuzi 10 mpaka 13 za Selsiasi. Waache gizani kama wiki kumi, maji safi yasikosekane. Hizo wiki mbili usizipunguze hata siku moja. Mwaka wangu wa kwanza nilimlisha jike siku tano tu kabla ya kumpoza. Chakula kilimwozea tumboni. Nilimkuta amenyooka, mdomo wazi, zile pete nyekundu zimeshafifia. Mpaka leo nikifungua lile kabati namkumbuka.

Wakiamka, mshibishe jike. Akishajivua gamba mara ya kwanza, mtie dume kwake, ila usiondoke. Jamii hii hula nyoka wenzao, hata wale wenye sumu. Dume akimng'ata jike shingoni huku mikia imesokotana, usiwaguse, ndivyo wanavyopandana. Lakini ukiona mmoja amemzungushia mwenzake mwili na kumkaza, watenganishe papo hapo.

Kabla ya kutaga, jike atajivua gamba tena. Mwekee kasha lenye tandiko la unyevunyevu, kwa sababu mayai hufuata baada ya wiki moja au mbili. Usitarajie mengi, matatu hadi sita hivi. Yahamishe bila kuyageuza, yafukie nusu ndani ya vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, kwenye nyuzi 26 au 27. Yatachukua miezi miwili au zaidi kidogo.

Kazi hasa inaanza yakishaanguliwa. Makinda huwa membamba kama penseli, na porini chakula chao cha kwanza ni mijusi. Panya mchanga, hata yule asiyeota manyoya, kwao si chakula. Nilikuwa na kinda mmoja aliyekataa kwa wiki saba. Nikachukua gamba lililovuliwa na mjusi, nikamsugulia panya mchanga kuanzia puani mpaka mkiani, nikawatia wote wawili katika kikasha kidogo chenye giza. Ulimi ukatoka mara moja, ukarudi, ukatoka tena haraka haraka, kisha kichwa kikatulia palepale kwenye harufu. Nikazima taa nikaondoka. Asubuhi panya hakuwepo, na kinda alikuwa na kivimbe katikati ya tumbo. Nililia, sikufichi. Baada ya hapo nilipunguza harufu kidogo kidogo mpaka akazoea panya mtupu.

Kila kinda awe na kasha lake tangu siku ya kwanza, maana ndugu humeza ndugu. Na mfuniko ufunge kweli, kwani penye upenyo wa kichwa, mwili mzima hupita.

Sasa naomba kitu kimoja. Leo hii mpime jike uzito, kisha umtazame uti wa mgongo. Ukiona umechomoza kama ukingo wa paa, basi mwaka huu usimpoze wala usimpandishe. Mlishe tu mpaka anenepe. Niandikie kabla hujaanza kushusha joto, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

Rafiki yako wa siku zote