Mashairi ya askari darasani

Moshi

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Umeniuliza kama kweli nafundisha Vita Kuu ya Kwanza kwa mashairi. Ndiyo, na nakusihi ujaribu huko Arusha.

Kidato cha nne wamekariri sababu za vita na matokeo yake, lakini ukiwauliza askari alilala wapi, kimya. Ndipo ninapowasomea "Dulce et Decorum Est" ya Wilfred Owen, Mwingereza aliyepigana Ufaransa. Kiingereza chake kigumu, kwa hiyo twaenda mstari kwa mstari, Kiswahili ruksa. Askari wamepinda migongo, wanakohoa, wengine wamepoteza viatu na miguu inavuja damu. Mara gesi! Wanahangaika kuvaa barakoa, mmoja anachelewa, mwenzake anamtazama akifa. Hapo maswali yanakuja yenyewe: walikula nini? Mama yake aliambiwa nini?

Hilo la mama huwashika sana. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, ana miaka 25. Telegramu ya kifo ilimfikia mama yake tarehe 11, siku ile ile mapigano yalipokoma Ulaya. Huku kwetu vita vilikuwa havijaisha. Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani huku Afrika Mashariki, alisalimisha silaha Mbala, Zambia ya leo, tarehe 25 mwezi huo huo.

Basi siwaachi Ufaransa. Waingereza waliingia Moshi hii hii Machi 1916, wakitokea upande wa Taveta. Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Katika mashairi ninayosomesha wao hawamo, nami naona hiyo ni dhuluma. Kwa hiyo kila mwanafunzi anaandika beti za mpagazi: alibeba nini, aliugua nini, nani alibaki shambani. Akiandika jambo, anionyeshe limetoka wapi katika tuliyosoma. Hapo silegezi kamba. Owen alikuwa ofisa, na aliyoyaona yeye si yote. Mpagazi aliyetolewa kihambani, shambani kwake kwenye migomba, aliviona vita vingine kabisa.

Muhula ujao nataka tufike kwenye Vita vya Kagera. Kama mtaani kwenu wapo wazee waliopigana 1978 na 1979, waamkie kwa ajili yangu, uwaulize kama wanakumbuka nyimbo walizoimba kambini. Wakikubali, ziandike zote, hata zile fupi, unitumie kabla shule hazijafunguliwa.

Wako katika chaki,
Mwalimu wa Historia